Mkono wa Mwache

Nasimulia mimi, mnahukumu nyinyi. Ndiyo masharti yangu. Anayetaka kusikiliza halafu ajifanye hana maoni, mlango ule pale, na akitoka aurudishe. Hakuna aliyenyanyuka? Basi mmekubali, msije mkanigeuka mwishoni.

Nani kati yenu hajawahi kutoka mtoki? Umechomwa na mwiba mguuni, kesho yake kwenye kinena kunavimba donge kama yai la njiwa, ukigusa unaruka. Mama anakwambia, "Mtoki huo, utapoa." Nawe unadhani ni donge tu. Lo! Ule ni mji, bwana. Una vichochoro na nyumba maelfu kwa maelfu, na ukiona umevimba ujue huko ndani kuna vita.

Leo nawapeleka kwenye nyumba moja ndani ya mtoki wa Kazija, mtoto wa kike wa miaka minane, aliyeukwea mndimu bila viatu kufuata ndimu ya juu kabisa ilhali za chini zimejaa tele. Alipojirusha chini, mwiba ukamwingia unyayoni na kukatikia humo humo. Mwiba haukuingia peke yake. Uliingia na wageni ambao hakuna aliyewaalika.

Sasa, kila nyumba katika mji ule imeumbiwa adui mmoja tu. Mmoja! Maadui wengine wote wanaweza kupita mlangoni wakiimba, nyumba haishughuliki. Na kila nyumba ina chumba cha ndani kilichofungwa, na ndani yake Kitabu. Kitabu ni kile kile nyumba zote, maana ni Kitabu cha Kazija mwenyewe: nywele zake zimo humo, pua yake aliyorithi kwa bibi yake imo, na namna ya kutengeneza kila silaha ya kumlinda imo. Lakini kitabu kisichosomwa kinamfaa nani?

Katika nyumba yetu, ukiacha watumishi, waliishi wanne.

Mlangoni alikaa Bi Mize. Kipaji chake kilikuwa kuujua uso mmoja ambao hajawahi kuuona. Aliujua tangu alipopata akili, kama mtu anavyolijua jina lake. Alikaa kizingitini siku zote akiwaangalia wapitao, na majirani wakamfanya ndiye mzaha wao. "Bi Mize, bwana harusi hajafika?" Naye huwajibu, "Bado. Na akifika sitamuuliza mahari."

Ukumbini alikaa Asaa, mwenye chapa. Chapa yake ilikuwa madoa mawili mekundu. Ukipakwa madoa ya Asaa, wafagizi wa mji wanakuja kukuchukua, na wafagizi hawaulizi una watoto wangapi. Kazi hiyo nzito alipewa mtu mpole kuliko wote, asiyeweza hata kumfukuza paka jikoni. Hayo ndiyo mambo ya dunia.

Nyuma ya Asaa alikaa Faki, msomaji. Yeye ndiye hasa ninayetaka mumjue. Faki alijua kukisoma Kitabu kwa sauti, na kifuani mwake ulining'inia ufunguo wa kile chumba. Lakini tangu kuumbwa kwake hakuwahi kukanyaga ndani. Kisa? Mwache.

Mwache alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye kiganja kipana, na kiganja hicho alikiweka juu ya ufunguo wa Faki asubuhi, mchana na jioni. Hicho ndicho kipaji chake: kushika. Msicheke. Mama yake alizika watoto sita kabla yake, na alipomzaa huyu wa saba aliyakabili mauti uso kwa uso akayaambia, "Huyu mwache!" Jina likabaki hilo. Basi mtu anayeitwa Mwache ndiye asiyejua kumwachia mtu.

"Dada Mwache, unanibana kifua," Faki alikuwa akilalamika.

"Nikiondoa mkono utakwenda wapi?"

"Kusoma."

"Nani kakuita?"

"Hakuna. Nataka kuuona ukurasa wa kwanza tu."

"Hata Kombo alitaka kuuona ukurasa wa kwanza tu."

 Kombo alikuwa msomaji wa nyumba ya pili. Mshikaji wake alipotea, na hakuja mwingine badala yake. Kombo akaingia chumbani akasoma, vita hakuna, mgeni hakuna, yeye anasoma tu. Alisoma kurasa za kuongeza nyumba. Nyumba ikazaa nyumba, na kila nyumba ina Kombo ndani anasoma. Vichochoro vikazibwa na majirani wakabanwa hadi kuta zao zikapasuka. Wabomoaji walipoitwa ilibidi waangushe mtaa mzima, wema na wabaya. Lau wangechelewa siku chache, Kazija mwenyewe angekwenda na maji.

Kwa hiyo Faki alijua kwa nini anashikwa. Kujua ni kitu kimoja, kupenda ni kingine. Kuna siku alimchukia Mwache kabisa, nalisema wazi. Na kuna siku kiganja kile kilimpa joto kifuani akasinzia kama mtoto. Moyoni mwake alijipa matumaini haya: siku nitakapoitwa kwa haki, Mwache ataondoa mkono, atakaa kando kwenye mkeka, nitasoma, nikimaliza nitamkuta hapo hapo tuendelee kugombana.

Masikini Faki. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu watu wa nyumba moja hawapendi kuzungumza habari za kifo cha mwenzao.

Siku ya tatu baada ya mwiba, mguu wa Kazija uliumuka. Homa ilipanda. Akakataa uji, akakataa hata maji, akawa anamwita mama yake na mama yake yuko ubavuni pake. Wale wageni walikuwa wakizaana damuni. Ukigeuka hivi wamekuwa maradufu. Najua hapa pana mjuaji mmoja atakayesema, "Si alipigwa sindano?" Alipigwa. Mama yake alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, na Mungu amlipe. Lakini sindano ina msimulizi wake. Mimi nasimulia yaliyokuwa ndani.

Ndani, mji ulikuwa wa moto. Wageni walipitishwa vichochoroni wakikokotwa na walinzi, na Bi Mize kizingitini anawatazama. Huyu siye. Huyu siye. Huyu naye siye. Mara akasimama, yeye ambaye miguu yake ilishasahau kusimama.

"Ni wewe," akasema.

Akamdaka kwa mkono mmoja. Adui akafurukuta, nusura achomoke. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, nanyi mnajua. Bi Mize akatia na wa pili, na adui akamtafuna mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, naye hakuachia. Alikipiga kizingiti kwa visigino hadi nyumba nzima ikatikisika. "Amekuja!" alipiga ukelele. "Amekuja wangu!"

Asaa alisikia ukumbini, na uso ukamshuka. Sheria aliijua: mlango ukitikisika, chapa haingoji. Na wa kupakwa chapa si adui. Ni Mwache.

Akaja akasimama mbele ya Mwache, kidole kimelowa wino mwekundu.

"Asaa, unangoja nini?" Mwache akamuuliza.

"Tumekula sinia moja, Mwache."

"Na Kazija je? Amekula tangu juzi?"

Asaa akatikisa kichwa.

"Basi paka. Na mkono usitetemeke, usije ukanichafulia nguo."

Asaa akampaka. Doa moja, madoa mawili, pale pale kwenye paji la uso. Faki akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Chapa ya nini?" akauliza. "Si aondoe mkono tu! Dada, ondoa mkono ukae pale, mimi nikasome!"

"Nikikaa pale nitakushika tena," Mwache akasema. "Nikiwa hai siwezi kukuona unaondoka nisikushike. Mimi kuachia sikufundishwa, kaka yangu."

Wafagizi wakaingia. Walimshika mabega wakamvuta, na kile kiganja kikabaki juu ya ufunguo mpaka kidole cha mwisho. Faki akapiga kelele, "Mwache! Mwache!" Alikuwa anamwita kwa jina, au alikuwa anawaambia wafagizi wamwachie? Mimi sijui, na yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Wafagizi hawakugeuka. Wakaenda naye, na hakurudi.

Ufunguo ukabaki wazi, baridi. Na msomaji ambaye ufunguo wake uko wazi miguu yake haina hiari, inampeleka tu. Faki akaingia katika chumba alichokitamani maisha yake yote, machozi yanamtoka, hata hakuangalia kilivyo. Mdomoni ana neno moja tu, analirudia kama kichaa. Mwache. Mwache.

Sasa sikilizeni vizuri. Mle chumbani alikuwamo mwandishi, na kazi ya mwandishi ni kunakili kila neno la msomaji na kulipitisha dirishani kwenda jikoni. Mwandishi hajui kilio. Yeye anajua neno. Akasikia "Mwache," akafunua Kitabu, na kweli, ukurasa huo ulikuwamo: namna ya kumpika Mwache, tangu utosi hadi kiganja. Akanakili, akapitisha. Wapishi wakaipokea karatasi, wakawasha moto. Faki hana habari.

Ndipo mlangoni Bi Mize alipomwita, "Faki, mwanangu, nimemshika lakini nachoka! Soma!"

Akajifuta uso, akasoma. Akasoma ukurasa wa kulabu. Kulabu zile ziliumbwa kwa ajili ya uso ule ule mmoja wa Bi Mize, haziingii penginepo. Sauti yake ilianza kwa kwikwi, ikanyooka, ikajaa chumba. Karatasi zikatoka dirishani moja baada ya nyingine, jikoni kukawa hakukaliki, na kulabu zikamiminika mtoni kwenye damu ya Kazija, elfu, laki, hazihesabiki. Kila mgeni mwenye uso ule akanaswa na kuburutwa.

Kazi ikafanyika. Lakini Faki hakunyamaza.

Msimlaumu haraka. Kwanza, alikuwa anasoma ili asikumbuke. Pili, Kitabu ni kitamu, jamani. Baada ya ukurasa wa kulabu kulikuwa na mwingine, na baada ya huo mwingine, na akafika kwenye ule wa kuongeza nyumba. Akausoma mara moja, kuta zikajinyoosha, na hilo lilikuwa sawa, vita vinahitaji watu. Akausoma tena. Akausoma tena. Bi Mize akaita, "Yatosha, Faki!" Asaa akagonga mlango, "Ndugu yangu, yatosha!" Aliwasikia kama watu wa ng'ambo. Ukuta wa jirani ukaanza kulia kwa kubanwa, na Faki akafunua ukurasa mwingine.

Hapo mkono ukamgusa kifuani.

Ulikuwa mdogo, bado una joto la jikoni, na ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye ufunguo kama unaorudi kwao. Faki akatazama chini. Kilikuwa kitoto kifupi, kinene kidogo, kina kiganja kipana.

"Wewe nani?"

"Mwache."

"Mwache amekufa."

"Mimi ndiyo kwanza nazaliwa," kikajibu. "Twende nje, kaka. Umesoma vya kutosha."

Angeweza kumsukuma. Alikuwa na nguvu mara kumi, na ukurasa ulikuwa umefunuka mbele yake. Akakifunika Kitabu, akafuatana naye mpaka nje, na mlango ukajifunga nyuma yao. Alipokaa mahali pake pa zamani alilia kilio ambacho hakuwahi kupata nafasi ya kukilia, na kile kiganja hakikuondoka.

Siku ya tisa Kazija aliketi kitandani akaomba chakula. Tena mtoto huyu hana aibu: akataka mchuzi, akataka ukamuliwe ndimu. Mama yake akacheka huku analia.

Vita vilipokwisha, nyumba nyingi za mji zilivunjwa, maana mtoki haukai umevimba milele. Lakini chache huachwa zisimame, ziwe nyumba za ukumbusho, maisha yote ya Kazija. Sheha, mkuu wa mji, mama mmoja mwenye haraka zake, akaja na kipande cha chaki mpaka mlangoni pa nyumba yetu.

"Hongereni, yenu inabaki," akasema. "Nipeni jina niandike juu ya mlango. Kwa nani hapa?"

"Kwetu sote," Bi Mize akajibu.

"Hapana, mama. Jina moja. Adui huyu akirudi, mtu atapita vichochoroni anakimbia anapiga kelele, 'Kwendeni kwa Fulani!' Aanze kutaja Mize na Asaa na Faki na Mwache? Akimaliza, adui ameshakula na kunawa."

 Bi Mize akanyoosha mikono yake, ile iliyotafunwa, ambayo haitashika tena sinia. "Mimi si mtu wa kujisifu," akasema. "Lakini nisingemjua, nyinyi mngekuwa mmekaa humo ndani mpaka leo, na Kazija yuko kaburini. Nimechekwa umri mzima pale mlangoni. Nataka waliocheka wapite wasome."

Asaa alikuwa anakitazama kidole chake. Wino haukuwa umetoka. "Tangu siku ile hakuna anayepokea maji mkononi mwangu," akasema. "Hata wewe, Bi Mize, unanikwepa. Niandikeni mimi. Si kwa sifa. Niandikeni ili watu wajue sikumuua mwenzangu kwa kupenda, nilimpaka kwa ajili ya mtoto."

Bi Mize akashindwa kumtazama. Kisha akasema taratibu, "Na aliyepakwa je? Hakukimbia. Alikuwa na miguu."

"Angekimbiaje, naye hajui kuachia?" akajibu Asaa. "Alishika mpaka mwisho kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Anayechukuliwa anahesabiwa kuwa ametoa nafsi yake?"

"Na huyu mdogo?"

"Huyu katuokoa na mambo ya Kombo. Lakini kaletwa na kilio cha Faki, na Faki hakuwa akimwagiza. Alikuwa akilia tu."

"Ukilia jina la mtu kwa moyo wote," akasema Bi Mize, "hilo si agizo?"

 Wote wakageuka kumtazama Faki, aliyemwokoa Kazija kwa ukurasa mmoja na nusura amuue kwa mwingine. Faki akafungua kinywa, sauti haikutoka, kifua kimebanwa.

"Ebu wewe mtoto, mwondolee mkono mwenzio apumue, aseme," sheha akasema, akamshika Mwache mdogo bega ili amvute kando.

"Mwache," akasema Faki.

Neno moja. Sheha akabaki hapo hapo, mkono mmoja kwenye bega la mtoto, mwingine umeinua chaki juu ya mlango.

"Umenipa jina," akauliza, "au umeniambia nimwachie mtoto? Na kama ni jina, ni la yupi, aliyekwenda au aliyekuja?"

 Kiganja kidogo kilikuwa kimesharudi juu ya ufunguo, na Faki alikuwa amefumba macho. Bi Mize alikuwa anamtazama sheha. Asaa alikuwa ameficha mkono wake nyuma.

Chaki iko juu mpaka sasa ninavyowaambia, na mlango hauna jina. Na huko nje Kazija amepona, mguu hauna hata alama, na ndimu ya juu kabisa bado iko mtini, naye ameshaanza kuitolea macho. Viatu, bila shaka, amevisahau.

Basi sharti lenu ni hili, mlilokubali tangu mwanzo. Sheha anangoja. Je, wewe ungemwambia aandike: kwa nani?